Mkonge na plastiki: nyuzi ngapi za joto, kwa dakika ngapi

Vunja ubao uliotengenezwa kwa mkonge na plastiki, kisha chomoa singa moja, yaani uzi wa mkonge, kwenye mvunjiko kwa koleo. Ikiwa bado ina rangi ya maziwa au manjano hafifu, na ukiizungusha kwenye msumari inakubali, ubao huo ulipikwa vizuri. Ikiwa ni ya kahawia na inakatika ukiikunja kwa kucha, singa ilikufa kabla ubao haujatoka kwenye presi, na ulichonacho mkononi ni plastiki iliyojazwa takataka. Mteja hatajua siku ya kwanza. Atajua akishakalia benchi.

Naandika kwa ajili ya mwenye karakana ndogo kama yetu hapa Tanga: presi ya bamba mbili zenye hita inayosukumwa na jeki ya tani 20, oveni, mizani, na plastiki iliyokusanywa mitaani. Nimekulia kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe, baba akiwa mtu wa korona, mashine inayochambua singa kutoka kwenye majani, na ndiyo maana naumia kuona singa nzuri ikiharibiwa kwa haraka za mtu. Katika kila kilo 100 za majani yanayoingia korona, singa kavu zinazotoka ni kilo 4 hivi. Kuna aliyekata, aliyebeba, aliyeanika kwenye nyaya na aliyepiga brashi. Kazi yote hiyo inaweza kupotea ndani ya dakika chache za hita iliyopandishwa kupita kiasi.

Jambo kubwa nalisema mapema: joto na muda ni hesabu moja. Usiulize nyuzi ngapi peke yake, uliza nyuzi ngapi kwa dakika ngapi, na ujumlishe tangu singa ilipoingia kwenye oveni mara ya kwanza. Ni kama kitunguu kwenye sufuria, hata kwenye moto mdogo ukikisahau kitaungua. Singa haipoi ikasahau. Joto la leo linaongezwa juu ya joto la jana. (Nyuzi zote ninazotaja humu ni za sentigredi.)

Kinachotokea ndani ya singa

Ukiondoa maji, karibu theluthi mbili ya singa ya mkonge ni selulosi, na hiyo ndiyo inayobeba nguvu. Hemiselulosi ni kama sehemu moja ya kumi au zaidi kidogo, na lignini iko karibu na hapo. Vitu hivi vitatu havivumilii joto kwa kiasi kimoja. Hemiselulosi ndiyo dhaifu. Karibu na nyuzi 220 inaanza kuvunjika kwa kasi. Lignini inabadilika polepole, ikianza mapema na kuendelea mpaka juu sana. Selulosi yenyewe inasimama mpaka imepita 300.

Hiyo namba ya 300 imewaponza wengi. Wanaiona kwenye jedwali, wanajiona wana nafasi kubwa, wanaweka presi 220. Tatizo ni kwamba majedwali mengi hupima uzito unaopotea singa ikipashwa moto haraka. Nguvu hupotea kabla ya uzito. Selulosi ni minyororo mirefu, na mnyororo ukikatika katikati hakuna kinachoruka hewani, kwa hiyo mizani haioni kitu. Singa inaweza kuwa na uzito uleule na isiwe na nguvu ya kushika mzigo.

Kwa kazi ya karakana, shika hivi. Mpaka nyuzi 100 na kidogo, kinachotoka ni maji, na singa haijaumia. Ikipita 160 rangi inaanza kusogea taratibu. Kuanzia 170 hivi nguvu nayo inaanza kushuka, na kila unapopanda inashuka haraka zaidi. Kwenye 200 una dakika chache tu. Mimi 200 naihesabu kuwa ukuta, na sipangi kazi ya kuufikia.

Pua nayo ifundishe. Hemiselulosi ikianza kuachia, hutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki. Ukisikia ukali wa siki karibu na presi, usidhani ni plastiki; ni singa inayoanza kuvunjika. Baadaye inakuja harufu ya sukari inayoungua, na hapo umeshachelewa. Asidi hiyo haiishii puani, kwani inasaidia kukata selulosi iliyobaki, na inakula chuma. Bamba za presi zikiwa na vidoa vya kutu mahali singa hukaa, rudi kwenye kipimajoto chako kabla hujanunua rangi ya kuzuia kutu.

Plastiki ya kuchagua

Uchaguzi wa plastiki ndio unaoamua utahitaji joto gani, kwa hiyo kosa la hapa halirekebishwi na ufundi wa baadaye. Angalia namba ndani ya pembetatu chini ya chombo.

Namba 2, poliethilini nzito, huyeyuka karibu na nyuzi 130. Ndiyo ya madumu ya mafuta, makreti ya soda na vizibo vingi vya chupa. Namba 4, ile ya mifuko laini, huyeyuka chini zaidi, karibu na 110. Namba 5, polipropilini ya ndoo, viti na viroba, huyeyuka kati ya 160 na 165. Hizo tatu mkonge unazimudu. Chupa za maji, namba 1, zinahitaji nyuzi 250 hivi, na hapo singa yako ni mkaa. Nailoni halisi (si mifuko tunayoiita nailoni) nayo iache. Namba 3, ile ya mabomba ya PVC, usiingize karakanani kabisa. Ikizidiwa na joto hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu.

Kipande kisicho na namba, kitumbukize kwenye maji. Namba 2, 4 na 5 huelea. Chupa za maji na PVC huzama. Kuna viti vya bei nafuu vilivyojazwa chokaa nyingi, na hivyo huzama ingawa ni namba 5. Viweke kando navyo, maana havitiririki vizuri.

Polipropilini na mkonge wana historia yao. Mkonge uliletwa huku na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kufikia 1964 Tanganyika ilikuwa ikizalisha tani 230,000 hivi kwa mwaka. Kisha kamba za polipropilini zikaingia sokoni kwa bei ya chini na mashamba mengi yakaanguka. Nimeona nyumba za wafanyakazi zilizobaki magofu kwa sababu hiyo. Leo plastiki ileile imejaa kwenye mitaro yetu, na singa ndizo zinazoweza kuipa ugumu isiokuwa nao. Ndiyo maana kazi hii naichukulia kwa uzito.

Anayeanza aanze na namba 2, lakini ajue si namba 2 zote zinafanana, na hapa ndipo nimeona singa nyingi zaidi zikiunguzwa. Dumu hutengenezwa kwa kupulizwa, kwa hiyo plastiki yake ni nzito mno ikiyeyuka. Haimiminiki, inakaa kama udongo wa kufinyanga. Kreti na kizibo hutengenezwa kwa kusukumwa ndani ya kalibu, na plastiki yake hutiririka. Fundi anaweka vipande vya dumu juu ya singa, anaona plastiki haipenyi, anapandisha hita kutoka 165 hadi 190, halafu hadi 210. Plastiki bado haijapenya, na singa zimeshaondoka. Dawa yake haiko kwenye hita. Changanya dumu na kreti au vizibo nusu kwa nusu, saga vipande viwe vidogo, punguza unene wa kila tabaka, na ongeza shinikizo.

Kwa namba 2 mimi hufanya kazi kati ya nyuzi 160 na 170. Kwa namba 5, kati ya 180 na 190, na muda naukata sana.

Maji kwanza

Singa iliyoanikwa juani ikakauka vizuri bado ina maji, hasa sisi tunaokaa na upepo wa bahari. Chukulia asilimia 10. Ubao wa sentimita 40 kwa 40 wenye unene wa milimita 5 unachukua gramu 250 za singa na gramu 590 za plastiki, yaani singa ni karibu asilimia 30 kwa uzito. Asilimia 10 ya hizo gramu 250 ni gramu 25 za maji. Kwenye nyuzi 170, gramu 25 za maji zinageuka mvuke wa lita 50 hivi. Ubao wenyewe hauna hata lita moja. Mvuke huo utatafuta njia, na usipoipata utaacha mapovu, matabaka yaliyoachana, na singa ambazo plastiki haikuzigusa.

Hasara ya pili haionekani. Maji yanapovukizwa hula joto jingi, kwa hiyo katikati ya ubao panabaki chini ya joto linalotakiwa huku nje pamefika. Fundi anangoja katikati, na nje panaendelea kupikwa.

Kwa hiyo kausha. Kata singa kwa urefu unaoutaka, zichambue zisiwe tita, zitandaze kwenye trei ya waya, oveni iwe nyuzi 100 hadi 105. Pima uzito kila nusu saa. Uzito ukiacha kushuka, zimekauka. Hesabu ya saa haina maana hapa, kwa sababu masika na kiangazi havilingani. Mizani ndiyo inayosema. Usipandishe oveni hadi 140 ili uwahi. Utakuwa unatumia akiba ya joto la singa kwa kazi ambayo 105 ingeifanya bila kudai chochote.

Zikitoka, ziingie moja kwa moja kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, zikiwa bado za moto, na zifike kwenye presi siku ileile. Zikiachwa wazi mezani zinaanza kuvuta unyevu mara moja. Jihadhari pia na moto wenyewe, kwani vumbi la singa kavu hushika haraka, na tita nene ndani ya oveni linaweza kufukuta katikati bila mwali kuonekana. Singa ziwe nyembamba kwenye trei, oveni isafishwe vumbi, mchanga na maji viwe karibu, na milango iwe wazi.

Wapo wanaoosha singa kwa kostiki soda kwanza, gramu 50 kwa lita ya maji, saa moja au mbili. Inasaidia kweli. Inaondoa sehemu ya hemiselulosi, yaani kile kinachovunjika mapema, na uso wa singa unakuwa mkwaruzo, plastiki ikaushika vizuri. Lakini vaa glavu na miwani, mimina soda kwenye maji na wala si maji kwenye soda, na usuuze mpaka maji yasiteleze tena kwenye vidole vya glavu, suuzo la mwisho likiwa na siki kidogo. Kostiki ikibaki ndani, singa itageuka manjano kisha kahawia mapema kuliko ile ambayo haikuoshwa. Kama huna maji ya kutosha ya kusuuzia, acha.

Ubao wa rangi

Kabla ya kukandamiza ubao wa kwanza, tengeneza kipimo chako mwenyewe. Singa za shamba moja hazilingani na za shamba jingine, na hita za presi moja hazilingani na za nyingine. Chukua mkia wa singa zilizokaushwa, ugawe mafundo membamba. Oveni ikiwa 160, weka mafundo manne, uyatoe moja moja baada ya dakika 5, 15, 30 na 60. Rudia kwenye 180, halafu 200, halafu 220. Yabandike kwenye ubao kwa mistari, joto likipanda kwenda juu na muda ukienda kulia, na uandike kwa kalamu isiyofutika.

Ukisimama mbele ya ubao huo utaona kitu ambacho maneno hayakionyeshi. Mstari wa 160 unakwenda karibu na rangi moja mpaka mwisho. Mstari wa 180 unaanza vizuri, kisha unaelekea rangi ya mchanga mkavu. Mstari wa 200 unageuka kahawia mbele ya macho yako, na wa 220 umeharibika tangu fundo la pili. Sasa kila fundo lichomolee singa kumi, uzizungushe kwenye msumari wa inchi tatu. Hesabu zilizokatika, andika chini ya fundo. Utakuta kukatika kumeanza kabla rangi haijatisha. Huo ndio mpaka wako, na uuchore kwa kalamu nyekundu.

Oveni ina hewa, na hewa huharakisha uharibifu. Ndani ya presi singa imefunikwa na plastiki, kwa hiyo inaumia polepole kidogo. Hilo lisikupe ujasiri. Kipimo kikali kuliko kazi ndicho kinachofaa.

Kwenye presi

Panga matabaka: plastiki, singa, plastiki, singa, plastiki. Nje pawe na plastiki siku zote. Singa ikigusa bamba moja kwa moja, inakaa kwenye joto la bamba tangu sekunde ya kwanza, na hizo ndizo hugeuka kahawia huku za katikati zikiwa bado baridi.

Tia waya mwembamba wa thamokapo, yaani kipimajoto cha waya, katikati ya matabaka, angalau kwa bao za mwanzo. Namba kwenye kioo cha presi ni ya bamba. Ya kwako iko ndani. Matabaka yakiwa yamelegea, hewa iliyomo huzuia joto, kwa hiyo bana kidogo kwanza, ngoja plastiki ilainike, kisha fungua presi kidogo ili mvuke na hewa vitoke, bana tena, fungua tena. Baada ya hapo ndipo unaweka shinikizo lote. Namba 2 ikionyesha 155 hadi 160 katikati, subiri dakika moja au mbili ipenye, kisha zima. Hakuna faida ya kuiacha zaidi.

Unene unadai muda kwa namna ambayo watu hawaitegemei. Ukiongeza unene mara mbili, joto linachukua karibu mara nne ya muda kufika katikati. Ubao wa milimita 10 hautaki dakika maradufu ya ule wa milimita 5, na dakika zote za ziada zinalipwa na singa za nje. Mteja akitaka ubao mnene, kandamiza nyembamba mbili, kisha uziunganishe kwa skrubu au kwa kuyeyusha uso tu.

Kupoza nako ni sehemu ya hesabu. Plastiki hujikunyata ikiganda, singa hazijikunyati kiasi hicho, na ubao ukitolewa ukiwa wa moto unapinda. Ushikilie chini ya shinikizo mpaka ushuke chini ya nyuzi 60. Hapa ndipo presi mbili zinasaidia, moja ya moto na moja ya baridi, kwa sababu presi moja inayopoa polepole inaendelea kupika singa kwa robo saa uliyodhani umeshazima. Na usipange bao za moto moja juu ya nyingine. Za katikati zitakaa na joto kwa muda mrefu.

Wenye mashine ya parafujo, ile inayokoroga na kusukuma plastiki kwa skrubu kubwa, wao wana adui mwingine, msuguano. Parafujo ikikoroga plastiki nzito inazalisha joto lake yenyewe, na mchanganyiko unaweza kupita kwa mbali namba uliyoiweka kwenye hita. Punguza mwendo, ingiza singa upande wa mbele plastiki ikiwa imeshayeyuka, wacha tundu la mvuke wazi, na pima kinachotoka mdomoni kwa thamokapo ya sindano.

Mabaki

Kingo ulizokata na bao zilizopinda zina thamani, na utataka kuzisaga zirudi. Rudisha, lakini kumbuka singa zilizomo zimeshapita oveni mara moja na presi mara moja, na kinu kimezikata fupi. Mimi sizidishi robo ya mchanganyiko mpya, na huziweka katikati ya ubao ambako mzigo ni mdogo. Kila gunia la mabaki liandikwe aina ya plastiki, joto lililopita na mara ngapi limepikwa. Lililopita presi mara mbili lisagwe litumike kwenye vigae vya njia ya miguu, mahali ambapo hakuna mtu atakayening'inia.

Gunia lisiloandikwa chochote, vunja kipande, chomoa singa, izungushe kwenye msumari.